Kitambaa cha Harusi ya Dorca

Nyumbani kwa Dorca, pale Dunga, hakuna kifaa cha umeme kilichowahi kukaa uchi. Televisheni ilivaa kitambaa, friji ikavaa, redio ikavaa, na vyote alivifuma kwa mkono wake. Hata laptopu kuukuu ya bintiye Atieno, ile aliyoifuta Windows akaiwekea Linux, mfumo wenye nembo ya penguin, haikupona. Atieno akigeuka tu, mama ameshaifunika kwa kitambaa chake bora kuliko vyote, kile cheupe chenye matamvua yanayoning'inia pembeni.

Jumamosi moja mchana kinamama wa kanisa walijaa sebuleni. Samaki walikuwa wameliwa hadi vichwa, na sasa ilisubiriwa DVD ya harusi ya Dorca na marehemu mumewe, Gordon. Harusi yenyewe ilifungwa kanisani Atieno akiwa ameshaanza shule, maana Gordon hakuwa mtu wa haraka. Diski ilikuwa hiyo moja tu. Mpiga picha alishafunga duka akahamia Sondu, na hakuna aliyejua kanda zake ziliishia wapi.

Atieno akakitoa kitambaa, akakiweka mezani, akaitia diski. Kompyuta ikaguna, krr, krr, kisha kimya.

"Imekataa," akatangaza Nicodemus, mdogo wake Gordon, kutoka kwenye kiti kizuri kuliko vyote. "Si nilisema? Hii maneno ya penguin italetea sisi aibu. Ingekuwa Windows, saa hii tunacheza."

"Baba mdogo, ngoja kidogo."

Wageni wakacheka. Atieno naye akacheka, lakini jasho lilimtoka. Jana yake jikoni mama yake, akipara samaki bila kuinua macho, alimwambia, "Nyathina, mwanangu, nimesahau vile baba yako alikuwa anacheka. Sura naona. Kicheko imepotea." Hakulia, aliendelea kupara magamba tu. Atieno akamwahidi palepale kwamba kesho atakisikia. Ahadi ni deni, na sasa siku ya kulipa ilikuwa imefika.

Akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri. Akaiuliza mashine kama inaiona draivu ya DVD. Mashine ikasema inaiona, ikaitaja na jina lake, sr0. Haya, draivu haijafa. Akaiamuru ifungue diski. Ikajibu kwamba humo ndani hakuna diski yoyote.

"Hakuna diski?" Nicodemus akapaza sauti. "Na ile tumeweka ni chapati?"

Mama mmoja alicheka hadi akamwagikiwa na soda. Nicodemus, kwa kuona anapendwa, akainuka kwenda bafuni na kurudi na dawa ya meno. "Diski ikikwaruzika unapaka hii, unapangusa, inasoma. Kila mtu anajua."

"Baba mdogo!" Atieno akaichomoa diski, akaikumbatia kifuani. "Ukiigusa na hiyo kitu, Mama hatakupikia tena!"

Hilo lilimtisha. Akaketi.

"Nipe ile diski ya kwaya yenu, iko kwa gari yako," Atieno akamwambia. Ikaletwa kwa shingo upande. Akaitia. Krr, krr, kimya. Hakuna diski.

Atieno akaruka juu akipiga makofi. Watu wakatazamana.

"Mtoto anafurahia zote kukataa?" Nicodemus akauliza.

"Kama zote zimekataa, shida si diski! Harusi iko sawa, Mama! Harusi iko sawa!"

Akaandika eject, amri ya kuitoa trei ya diski. Trei ikatoka upana wa ukucha, ikanasa. Akazima mashine, akaomba pini ya nywele, akainyoosha na kuichomeka kwenye kile kitundu kidogo kilicho usoni mwa draivu, ambacho watu huzeeka nacho bila kujua kazi yake. Trei ikajitoa. Akaondoa diski ya kwaya, akamulika kwa simu. Kwenye kitovu kinachozungusha diski, uzi mweupe ulikuwa umejiviringisha ukajikaza.

Macho yote yakahamia mezani, kwenye kitambaa. Tamvua moja halikuwepo.

"Yawa!" Dorca akafunika mdomo. "Ni mimi!"

"Kikulacho ki nguoni mwako," Nicodemus akasema, kisha akacheka hadi akashikilia mbavu.

Dorca mwenyewe akaleta sindano yake ya kufumia. Akautoa uzi ule taratibu, ulimi nje, kama anayemtoa mtoto mwiba wa samaki. Atieno akawasha mashine, akarudisha diski ya harusi, na safari hii ikazunguka kwa sauti nyororo.

Kwenye skrini, Gordon huyo, mwembamba, koti limemzidi. Mbele yake meza ya maharusi, na juu ya meza kitambaa kilekile cheupe. Gordon akakichomoa chini ya chupa za soda, akajivika kichwani, akaanza kucheza akimwendea bibi harusi. Halafu akakohoa kidogo, akacheka.

Sebule ikalipuka. Atieno hakutazama picha, alimtazama mama yake.

"Ndiyo hiyo," Dorca akasema, machozi yakimtiririka huku anacheka. "Inaanza na kikohozi! Mimi nilikuwa natafuta kicheko, kumbe nimesahau kikohozi."

Akachukua kitambaa mezani, na pengo lake, akajivika kichwani, akasimama na kucheza akiielekea kompyuta.

"Atieno, rudisha nyuma, aanze tena," akasema. "Na hii mashine yako, kuanzia leo itakaa uchi."