Midomo ya Wense

Kama Melkior angebaki na rangi yake ya mafuta, ile ya kupakia milango, siri yake ingezeeka naye. Lakini binadamu na kitu kipya, jamani! Mzungu mmoja ambaye Melkior aliwahi kumpandisha mlimani alimtumia sanduku la rangi za akriliki, vichupa ishirini na vinne vya kudondoshea, na kikaratasi: zijaribu kwenye sanamu zako, kisha uniambie.

Sanamu zenyewe ni wapagazi wa mti, urefu wa kidole, mizigo kichwani. Zamani Melkior alikuwa mwongoza watalii. Aliacha miaka mitatu iliyopita, baada ya mpagazi wake Wenseslaus kufia mlimani, akajifungia kwake Kibosho kuchonga. Watu wakamsifu, eti amevunjika moyo kwa ajili ya mtoto wa watu. Moyo gani! Mtu alikuwa anajificha.

Mwili wa Wense haukupatikana. Melkior aliapa kwamba kijana aliteleza gengeni ghafla, akiwa mzima, anaimba. Badala ya mwili, ukoo ukazika mgomba uliovikwa koti lake, padri akaombea, yakaisha. Sasa misa ya mwaka wa tatu ilikuwa Jumamosi, na Mama Margareta, mzazi wa marehemu, alimwomba Melkior amchongee Wense mdogo wa kuweka mezani kando ya mshumaa. Angekataaje? Mama huyo hakukosa kumletea mkungu wa ndizi, eti wewe ndiye uliyemwona mwanangu mwisho.

Alhamisi akaanza kupaka. Kwanza alijaribu kwenye mpagazi mmoja aliyevunjika mguu. Rangi ilikuwa nyepesi kama maziwa, ikakauka upesi, na kila mkato wa kisu ukabaki unaonekana. Ile ya mafuta ilikuwa inaziba macho na pua, hii ilionyesha hata kunyanzi. Melkior akasisimka, akamgeukia Wense. Tabaka la kwanza kahawia, la pili kahawia na tone la wekundu. Alipoona inakolea ikikauka, akaongeza njano kidogo. Kisha midomo. Akachanganya, akajaribu kwenye ukucha wa dole gumba, akafuta, akachanganya tena, mpaka ikafanana kabisa na ile aliyoiona. Kazi ilikuwa imemkubali, naye kwa furaha hiyo, mjinga yule, hakujiuliza aliiona lini.

Ijumaa asubuhi Mama Margareta akaingia.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nimwone."

Akamchukua, akasogea naye mlangoni penye mwanga. Machozi yakamtoka huku anacheka. "Ndiye! Hata kovu la nyusi umelikumbuka." Kisha akaisogeza sanamu karibu na macho.

"Mbona midomo ina bluu?"

"Baridi, mama. Kule juu—"

"Usinifanye mtoto. Baba yake alibeba mizigo miaka ishirini kwenye mlima huu huu. Hii si baridi, huyu amekosa hewa. Mtu wa hivi haimbi, Melkior. Mtu wa hivi anateremshwa saa hiyo hiyo. Ulimwona hivi?"

Melkior angeweza kusema ni rangi tu, ngeni, hajaizoea. Alifungua kinywa aseme hivyo, ikatoka kweli. Mgeni wao wa siku ile, mtalii, alikuwa amebakiza kidogo tu kufika kileleni na hakutaka kusikia habari ya kurudi. Wense alikuwa anayumba. Melkior akamkalisha nyuma ya jiwe, akaendelea na mgeni. Aliporudi akakuta mkoba peke yake, na nyayo kwenye theluji zinazoelekea gengeni.

Alipomaliza kusema akatoka mbio hadi mpakani mwa kihamba, shamba lake la migomba, akakata jani la isale, akalipiga fundo, akarudi akapiga magoti na kulinyoosha kwa mikono miwili. Mchagga gani asiyelijua? Aliyeombwa msamaha kwa isale hakatai, hata kama ameuliwa mtoto.

"Umelikimbilia upesi," mama alisema. Lakini alilipokea. "Haya, nimekusamehe. Sasa niambie. Alikuuliza utarudi baada ya muda gani?"

"Aliuliza."

"Ukamjibuje?"

"Nusu saa."

"Na ulikaa huko muda gani?"

Mgeni alikuwa mzito wa kutembea, na kule juu akataka picha, na bendera, na picha tena.

"Masaa matatu, mama."

Mama Margareta akakaa chini pale pale kwenye vumbi la mbao.

"Basi mwanangu hakupotea njia," alisema. "Alikuwa anakutafuta wewe."