Watu Mia Sita wa Shikomere

Siku ya kuhesabiwa watu, mwezi wa nane mwaka wa sitini na tisa, Shitanda alikuwa mlangoni pake akipukuchua mahindi na binti yake Mildred, mwenye mimba ya miezi minane. Karani Bramwel alifika saa nne, suruali imelowa umande hadi magotini, kwa sababu kutoka Navakholo hadi Shikomere hakuna barabara. Kuna njia ya ng'ombe tu.

"Barabara na basi haviji huku mpaka mfike mia sita," alisema kabla hata ya kukaa. "Wakubwa ndivyo wamesema. Na karatasi ya sitini na mbili inasema mko mia mbili."

Ilikuwa kweli, na kosa lilikuwa lao. Mzungu alipohesabu, kila mzazi wa Shikomere alificha watoto, maana watoto hawahesabiwi kama kuku. Ukitaja idadi yao, unakionyesha kifo pa kuanzia. Shitanda mwenyewe aliwalaza wanne ndani ya shamba la wimbi. Kisha Uhuru ukaja, mzungu akaenda, karatasi ikabaki, na hao waliokalia viti vyake wakaishika kama Biblia. Mkewe Navalayo alipopata uchungu mwaka wa sitini na saba, wanaume wanne walimbeba juu ya kitanda. Alikufa kabla ya kufika barabara kubwa. Onesmus, liguru, yaani mkuu wa kijiji, alipeleka habari ofisini, akaambiwa kijiji chake ni kidogo.

Safari hii hawakuficha hata mtoto mchanga. Kufika saa nane, Bramwel alikuwa na watu mia tano tisini na moja.

Ndipo Navalayo alipotokea upande wa migomba, amevaa gauni alilozikwa nalo, akaketi, akachukua hindi na kuanza kupukuchua. Nyuma yake walikuwa wengine wanane, wote waliofia kwenye njia ileile.

"Umechelewa," Shitanda alimwambia.

"Ni mbali. Kwani hujui?"

Bramwel aligeuza ukurasa. "Umri, mama?"

"Thelathini na tisa. Nimesimama hapo hapo."

"Kazi?"

"Kwa sasa sina."

Navalayo alishika tumbo lake, ambalo lilikuwa bado kubwa. "Na huyu wa ndani?"

"Wa tumboni hatuandikangi."

"Basi hamjabadilika," alisema Navalayo.

Bramwel aliwaandika wote tisa. Onesmus akatia alama ya kidole gumba mwishoni mwa karatasi. "Sasa watupe basi letu," alisema, "au waseme wazi wanatuchukia."

Mildred alikuwa anahesabu wiki kwa vidole.

Wiki ya pili afisa wa barabara alikuja. Landrova yake aliiacha barabara kubwa, akatembea, akafika amekasirikia viatu vyake. Alisoma karatasi na hakubisha hesabu.

"Hawa tisa ndio wafu?"

"Ndio, mheshimiwa," alisema Onesmus.

"Walikujaje?"

"Kwa miguu."

Afisa alifunga faili. "Kama mtu wa kaburini amefika hapa kwa miguu, nyinyi wazima mnataka basi la nini? Barabara itaenda kwingine."

Kila mtu alijua kwingine ni wapi. Ni Lugari, kwenye shamba alilonunua afisa kwa mzungu, anakoishi yeye, mke wake na ng'ombe wake wa maziwa. Huko hakuna karani aliyewahi kuuliza mko wangapi.

Shitanda alisimama. "Bwana, huyu mke wangu alikufa kwa kukosa hiyo barabara."

Afisa alimtazama Navalayo, aliyekuwa akipepeta mahindi. "Naona amepona," alisema, akaondoka.

Mildred hakungoja. Alifunga nguo zake siku ileile, akaanza kwenda Kakamega, akalale nje ya hospitali mpaka mtoto atakapokuja. Shitanda alibeba unga. Navalayo alibeba mkeka, akatangulia.

Walipofika barabara kubwa, Landrova ya afisa ilitokea nyuma yao ikapiga honi. Wakapisha, walio hai na aliyekufa, wakasimama kwenye majani, na vumbi likawapaka wote sawasawa.