Mtu Asiyetafutwa

Védastine alifika kituo cha polisi kabla soko la Kamembe halijachangamka. Macho yalikuwa yamemvimba. Mumewe, Nzabonimana, alikuwa ameondoka jana yake kwenda Bugarama kununua mchele kwenye vinu vya kukoboa mpunga, na hakurudi. Simu yake haikupatikana.

"Bwana yako alizaliwa wapi, Maman?" aliuliza afande.

"Bukavu. Lakini tulirudi Rwanda kitambo, afande."

Afande akatabasamu. "Basi iko Bukavu. Hawa banaume ba Congo biko na nyumba mbili. Ngoja, njaa itamurudisha."

"Kitambulisho yake iko hapa!" Védastine akakitoa kifuani na kukiweka mezani. "Alikisahau nyumbani. Atavuka mupaka na nini?"

"Rudi nyumbani, Maman. Muntu mukubwa hapotee."

Védastine alirudi kituoni siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Mara afande yuko mkutanoni, mara wamwambie avuke akaulize Bukavu. Akavuka. Kule nako wakamwambia, "Huyu ni Munyarwanda, mutafute kwenu." Nyumbani, mwanawe Ndizeye hakuuliza tena baba yuko wapi.

Mwishowe akaona maji yamemfika shingoni. Akapanda gari la Bugarama, akaanza kupita kinu kwa kinu na picha mkononi. Joto lilimchoma, watu walitikisa vichwa. Kwenye kinu cha mwisho, mpakizi mmoja aliitazama picha ile, kisha akainamisha uso.

"Huyu aligongwa na lori pale barabarani. Walimupeleka kwa hospitali."

Védastine alikimbia hadi hospitalini, kiatu kimoja kikamtoka, hakukirudia. Muuguzi, binti aitwaye Kamikazi, alipoiona picha akamshika mkono.

"Alikufa jana, Maman. Tulipigia polisi tangu siku ya kwanza. Hakuwa na simu, hakuwa na karatasi. Alikuwa anaweweseka kwa Kiswahili tupu, si Kinyarwanda, basi polisi wakasema ni Mkongomani, ndugu zake watafutwe Bukavu. Tuliuliza kama kuna mtu amepotelewa huku. Wakasema hakuna."

"Alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anaita Ndizeye."

Védastine aliketi sakafuni. Simu ikalia. Alikuwa afande wa Kamembe, sauti yake safari hii ina heshima.

"Maman, wakubwa wamesikia unakuja hapa kila siku, wameuliza habari yako. Leo tunaanza kutafuta. Tuletee picha."

"Musitafute," alisema. "Niko naye hapa."

Akakata simu. Kisha akamwomba Kamikazi maji na kitambaa amwoshe mumewe uso, na amwonyeshe mtu mwenye gari la kumrudisha marehemu Kamembe.