Kelele za Gurudumu la Kushoto

Tangu kiharusi kimpige, fundi hakutaka kutoka chumbani. Mkono wa kulia haukumtii, na maneno yalimtoka kwa kusuasua. Wateja wake wa zamani walikuja kumjulia hali. Yeye akageukia ukutani. Gereji yake, kibanda cha mabati pale uani, ikabaki imefungwa.

Asubuhi moja binti yake, mshonaji, alikuja kuwasalimia wazazi wake, akiendesha gari lililojaa sare za shule. Alipokata kona kulia kuingia uani, gurudumu la kushoto likalia: ka-ka-ka-ka.

Dirisha likafunguka.

"Rudi nyuma. Kata tena," baba yake alisema.

Likalia zaidi. Kabla binti hajazima gari, mzee alikuwa mlangoni, peku, kashikilia fremu.

"Jointi ya ekseli imekwisha. Ingiza mkono nyuma ya tairi."

Akaingiza. Raba inayofunika jointi ilikuwa imechanika. Grisi imemwagika, mchanga umejaa ndani.

"Nitampelekea fundi mwingine, Baba."

"Mwingine nani? Vaa ovaroli yangu."

Binti alinunua jointi na raba mpya dukani, na kazi ikaanza. Mzee aliketi kwenye kigoda na kuelekeza. Nati kubwa ya katikati ilegezwe kwanza, tairi likiwa bado chini. Ikagoma. Binti akasimama juu ya spana na kuruka.

"Unataka kuniulia mwanangu!" mama akapiga kelele kutoka jikoni.

Nati ikaachia. Wakainua gari, wakachomoa ekseli, wakaibana kwenye jiliwa, jointi ya zamani ikang'olewa kwa nyundo. Mpya ikaingia, ikanasa kwa mlio safi. Binti akafuta jasho. Ndipo alipoona raba mpya imelala juu ya meza. Ilitakiwa itangulie kuvishwa kwenye ekseli kabla ya jointi.

"Baba... raba."

Hilo ndilo kosa alilowakaripia wanagenzi wake wote. Mzee akaanza kucheka, mdomo umepinda upande, akacheka mpaka akateleza kutoka kwenye kigoda. Mama akaja mbio na mwiko mkononi, akijua kaanguka. Akawakuta wote wawili wamekaa chini wakicheka, uso wa binti umejaa grisi.

"Kumbe meno bado unayo," akamwambia mumewe, akijifuta macho.

Wakaing'oa tena jointi. Safari hii mzee alishindilia grisi mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Halafu, bila kuambiwa, akauleta na wa kulia kushika raba. Ulitetemeka, lakini ulishika mpaka binti akamaliza kukaza mkanda wa kuibana.

Mchana wakaenda pamoja kupeleka sare. Kila kona mzee alitega sikio; kokoto tu ndizo zilizosikika chini ya matairi. Waliporudi, jirani aliwasimamisha getini.

"Fundi, umefungua? Langu nalo linagonga."

Mzee akamtazama binti.

"Mimi mshonaji, Baba."

"Najua. Jumamosi je?"

Binti akatazama kucha zake nyeusi, akatabasamu.

"Jumamosi nitakuja."

"Lilete Jumamosi," fundi akamwambia jirani. "Na uwahi."