Paa Lililofunikwa na Mti

Kwa miaka kumi na tisa Gwenda alisimama darajani kila mwezi, pahali palepale, akiuchora mto wa mji wao. Mwanzoni aliuchora kwa sababu ulikuwa mzuri. Siku hizi aliuchora kwa sababu haueleweki: mwaka huu tope limepasuka, mwaka ujao maji yako madirishani. Mafuriko ambayo babu zao waliyaona mara moja maishani, wao waliyaona mara tatu ndani ya miaka sita. Majirani walimwona ana kichaa kidogo, naye hakuwabishia.

Sasa ukumbi wa mji ulikuwa unaandaa maonyesho ya picha zake, ili watu waone tabianchi imewafanya nini. Katika picha ya mafuriko makubwa, paa jekundu la nyumba yake mwenyewe lilichungulia juu ya maji. Na nyumba hiyohiyo ilikuwa inauzwa. Des, mumewe, magoti yalikuwa yamemwishia kwa kupandisha friji darini kila mvua ikinyesha, na mnunuzi aliyejitokeza ni mmoja tu.

"Weka mti hapo," Des alisema, akilionyesha paa pichani. "Mti mmoja tu, mama. Utakufa?"

"Na akiuliza?"

"Akiuliza tutamjibu. Nani kasema tudanganye?"

Gwenda aliweka mti. Aliuweka vizuri, maana mkono wake haujui kulipua kazi, na alipomaliza alijichukia.

Jumamosi, siku ya maonyesho, mnunuzi alikuja. Aliitwa Tamsin, binti mwenye mimba ya miezi saba. Aliitembelea nyumba, akaipenda. Kabla ya kutia saini akapitia ukumbini, na Gwenda akamkuta mbele ya picha ile, uso umemkunjuka.

"Nilikuwa na hofu, mama," alisema. "Watu wanasema mengi kuhusu mto huu. Lakini wewe umechora kila kitu, hata kanisa limezama. Nyumba yenu haimo. Kumbe maji hayafiki kule."

Hakuuliza. Hiyo ndiyo iliyomchoma Gwenda.

Akaweka ukucha kwenye mti. Rangi ya mafuta ilikuwa bado mbichi. Ikabanduka kama siagi, na wekundu ukatokea chini yake.

"Yalifika hapa, mwanangu."

Tamsin aliinama kulitazama paa. "Na nyie mlikuwa wapi?"

"Juu ya paa hilo," Des alijibu nyuma yao, kikombe cha chai mkononi. "Kwa muda wa saa kumi na nne. Usiinunue, binti."