Ushuhuda wa Gathoni

Punje ya mahindi ilikuwa nzima kwenye vidole vyake, lakini Gathoni aliiona nusu tu. Nusu nyingine ilimezwa na kimwanga kilichotetema kama bati juani. Akainua macho. Shangazi yake, Tata Rosaline, aliyekuwa ng'ambo ya turubali akichambua mahindi mabovu, hakuwa na shavu la kushoto. Gathoni akajua kipandauso kiko njiani.

Kilipofika alijilaza stoo, leso machoni, akatapikia ndoo.

"Ameanza sinema yake," Tata alisema mlangoni. "Ikifika saa ya chapati, utaona vile kichwa kitapona."

Kichwa kilikuwa afadhali, maana kiliisha kesho yake. Kilichobaki ni uzito: kutotaka kuoga, kutotaka kula, kutotaka kuamka. Daktari wa kliniki moja hapo Kitale alimwambia kwamba wengi wenye kipandauso huandamwa na huzuni ya namna hiyo, na kwamba huo si uvivu wala wazimu. Akampa tembe za kumeza kila jioni. Mwezi wa pili wa kuzimeza, Gathoni alijikuta akiimba huku akisugua sufuria.

Kisha Tata akaiona pakiti, akaenda kuuliza duka la dawa ni ya nini.

"Dawa ya akili! Kwangu! Nani ataoa mwendawazimu, we msichana?"

Jumamosi akawaita akina mama wa maombi. Siku hiyo kichwa kilikuwa kimepanda tangu asubuhi. Walimketisha uani kwenye jua kali, wanawake tisa wakamzunguka na ngoma, kayamba na spika ya kukodi, wakamkemea pepo ndani ya masikio yake. Tata akazimwaga tembe chooni.

"Toka! Toka!"

"Nimepona," Gathoni alisema.

"Kwa sauti, mama!"

"Nimepona!"

Ngoma zikanyamaza. Ili kupata kimya kile angetoa hata jina lake.

Tangu hapo alisimamishwa kanisani kila Jumapili kushuhudia. Uzito ulirudi wiki ya tatu, tena ukaja na mizigo yake yote. Tata alimfinya mgongoni ili atabasamu. "Changamka. Ati Mungu huponya nusu?"

Sifa zikafika Bungoma, nao wakaalikwa mkutano wa maombi huko Sirisia. Mbele ya watu aliketishwa Sally, msichana wa miaka kumi na tano, macho yamefinywa kwa mwanga, mfuko wa dawa umekumbatiwa kifuani. Ngoma zilikuwa tayari.

"Tupa, mtoto wangu," mamake alimbembeleza. "Si unamwona huyu? Alitupa, sasa ni mzima."

Sally akamtazama Gathoni. "Dada, ni ukweli? Uliacha dawa ukapona?"

Gathoni akapewa maikrofoni. Tata akamsogelea, meno nje kwa ajili ya watu.

"Uniaibishe hapa," alinong'ona, "na kwangu usirudi. Utalala barabarani na huo wazimu wako."

Gathoni hakuwa na nyumba nyingine. Alitazama vidole vya Sally vikianza kuulegeza ule mfuko.

"Usitupe," alisema. "Sikupona. Nilisema nimepona ndio wanyamaze. Na tangu wamwage dawa yangu, kila asubuhi nikiamka natamani ningekuwa nimekufa."