Kichwa cha Nedko

Jiwe la kwanza lilivunja dirisha la ofisi. La pili likanipata mimi begani, nimesimama getini nikiwaomba wenzangu wanisikilize.

"Msaliti!" akafoka Ginka, ambaye mashine yake ya kufumia imepakana na yangu miaka kumi na minane. "Umetuuza, Nedko!"

Nimeuza nini, jamani? Kiwanda cha sufu kilikuwa mali ya wananchi wote, ndivyo tulivyoimbishwa. Kisha chama cha kikomunisti kikaanguka, na kufumba na kufumbua kiwanda kikawa cha mtu mmoja kutoka Vienna. Juzi akaniita, maana mimi ndiye mwakilishi wa wafumaji. Akauliza, kupitia kwa mkalimani, kama tunakubali mashine zing'olewe zipelekwe Uturuki. Nikainua kichwa, nikakishusha; nikarudia, kwa hasira. Mtoto yeyote wa hapa mjini kwetu Sliven anajua kwamba hiyo ni hapana. Ndiyo yetu huenda kushoto na kulia! Mkalimani alikuwa ameinamia makaratasi yake. Yule bwana akachekelea, akanishika mkono, akaandika kwamba tumekubali. Leo asubuhi malori sita yakaingia.

"Yule bwana hajui ishara za vichwa vyetu!" nikapayuka. "Nilikataa! Mara mbili!"

"Kichwa chenyewe kitupu!" mtu akadakia, na wengine wakacheka kwa uchungu. Polisi wakasogea na ngao zao. Ginka akapenya hadi akasimama mbele ya pua yangu.

"Mdomo ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao."

"Sasa, kaka yangu, ulishindwa nini kusema hapana?"

Nilitaka kumkaripia. Nimechoka kulaumiwa kwa kila kinachooza nchi hii. Lakini jibu lilikuwepo. Nilimwona yule mtu wa Vienna akitabasamu, nikajua palepale kwamba amenielewa vibaya. Ila alikuwa amenikaribisha kiti cha ngozi, akaniita Bwana Nedko. Maisha yangu yote hakuna mkubwa aliyewahi kuniita bwana. Nikaona haya kumharibia furaha yake, nikamalizia kahawa yangu.

"Nilijua, Ginka," nikasema. "Nilijua amekosea, nikanyamaza."

Lori la kwanza lilikuwa linapita getini kwa kishindo, limebeba mashine yake na yangu. Ginka akaweka kiganja sikioni.

"Sema kwa nguvu!" akanifokea. "Sikusikii!"